Mwanaanthropolojia si "mtaalamu wa makabila": tunyooshe majina ya hawa wachunguzi wa jamii na tamaduni

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuja na la moyoni. Kazi yangu ni kutafsiri makala. Juzi nilikabidhi moja ndefu kuhusu Bronislaw Malinowski, yule Mpolandi aliyekwenda visiwa vya Trobriand, jirani na New Guinea, kati ya 1915 na 1918, akapiga hema katikati ya watu badala ya kuwaita wamfuate barazani kuhojiwa. Makala ilipotoka kwa mhariri nilidhani nimefungua faili la mtu mwingine.

Palipokuwa na "mwanaanthropolojia" kaweka "mtaalamu wa makabila". Palipokuwa na "mwanasosholojia" kaweka "mwanajamii". "Mwanaethnografia" kalifuta kabisa, pembeni kaandika: neno gumu, msomaji atakimbia.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Kule Trobriand kuna utaratibu wa kupelekeana zawadi kisiwa hadi kisiwa. Mikufu ya makombe inazunguka kwa kufuata mwendo wa saa, bangili za makombe zinarudi upande wa pili, na mtu hakai na kitu milele, lazima akiachie kiendelee. Kwa lugha yao utaratibu huo unaitwa kula. Nami nikaandika "mzunguko wa kula". Mhariri kafika hapo, kaona nimechapia, kanisaidia: "mzunguko wa chakula". Kwa hiyo sasa watu wanavuka bahari kwa mitumbwi, wanahatarisha maisha, halafu aya nzima hakuna hata mmoja anayetia kitu kinywani.

Mzaha pembeni, naomba msaada. Haya majina matatu yana tofauti gani hasa, na kwa Kiswahili yakae vipi? Nataka nirudi kwa mhariri na hoja, si na hasira.

Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa nasubiri wajuzi. Ila "mzunguko wa chakula" nimecheka peke yangu kama kichaa.

Mzee wa Ngeli

Mleta uzi, kabla ya kumsulubu mhariri, kosa moja ni lako. Neno la kigeni linalofanana na la kwetu huliachi uchi. Ungeandika Kula kwa herufi kubwa, au kwa mlazo, na ukaeleza pale pale kuwa ni neno la Watrobriand. Na una bahati: zile bangili kwa lugha yao zinaitwa mwali. Ungeliweka na hilo, mhariri wako angekuletea sherehe za unyago baharini.

Sasa twende kwenye umbo. Hiki kipande mwana- kina kazi zaidi ya moja, na hapo ndipo mhariri alipoteleza. Kwenye mwanasheria, mwanamuziki, mwanahabari, mwanahistoria, kinamtaja mtu wa fani. Kwenye mwanachama, mwanakijiji, mwananchi, kinamtaja mtu aliyemo ndani ya kundi. Mwanajamii imekwisha kukaa upande huo wa pili tangu zamani. Mimi ni mwanajamii, wewe ni mwanajamii, na mtoto anayezaliwa usiku huu naye ni mwanajamii. Mchukue mwanasosholojia wa Kifaransa: ukiandika "mwanajamii Émile Durkheim alitoa kitabu kuhusu kujiua mwaka 1897" hujasema uongo, ila jirani yake pia alikuwa mwanajamii na hakuandika kitu.

Kuhusu a mbili: naona watu wanaandika mwananthropolojia kwa sababu mdomoni sauti inayeyuka. Ziandike zote mbili. Mbona mwanaanga tunaandika hivyo na hakuna anayelalamika? Wingi ni wanaanthropolojia. Fani yenyewe iko I-ZI, kwa hiyo anthropolojia imekua, anthropolojia hii. Sosholojia na sosiolojia zote nimeziona zikitumika. Chagua moja usiichanganye na nyingine katika makala moja. Na hiyo th isimtishe mtu. Tunayo kwenye thamani na methali.

Nusu Shahada

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini haya niliyaelewa, ngoja nijaribu.

Mzizi kwanza. Anthropos ni mtu kwa Kigiriki, ethnos ni watu wa kundi au taifa moja, graphein ni kuandika. Sosholojia ni chotara: socius ni Kilatini, yaani mwenzi, halafu mkiani kimebandikwa Kigiriki. Aliyelieneza ni Mfaransa Auguste Comte, mwaka 1839. Mwanzoni alikuwa anasema "fizikia ya jamii", lakini Mbelgiji Adolphe Quetelet akaja kulitumia jina hilo hilo kwa hesabu zake za takwimu, Comte akakasirika, akaunda jingine. Kwa hiyo mleta uzi, jina la fani hii lilizaliwa na mtu aliyekuwa amenuna kama wewe.

Tofauti yenyewe zamani ilikuwa ya kugawana dunia. Mwanasosholojia alibaki Ulaya na Marekani anachunguza viwanda, miji, uhalifu, ndoa. Mwanaanthropolojia alipanda meli kwenda kwa "wengine", na mara nyingi meli hiyo ilikuwa ya mkoloni. Huu ndio ukweli wa chimbuko, na "mtaalamu wa makabila" ya mhariri imetoka huko huko bila yeye kujua. Kwa Kiswahili cha kila siku neno kabila halina ubaya, mtu anakuuliza kabila lako na mnaendelea na safari. Lakini ndani ya fani limepigwa vita muda mrefu. Archie Mafeje wa Afrika Kusini aliandika mwaka 1971 kuupinga mtazamo wa kueleza kila jambo la Waafrika kwa ukabila, na hakuwa mtu wa nje anayerusha mawe, alikuwa mwanaanthropolojia mwenyewe.

Na ule mgawanyo wa dunia umeshavunjika pande zote mbili. William Foote Whyte alikwenda kuishi mtaa wa Waitalia huko Boston miaka ya 1930, akazurura na vijana wa kona, kitabu kikatoka 1943, na leo anahesabika miongoni mwa wanasosholojia. Upande wa pili, Karen Ho, mwanaanthropolojia, alifanya kazi kwenye benki ya uwekezaji ya Wall Street kisha akaandika kuhusu maisha ya watu wa mle, kitabu cha 2009. Kabila gani hilo, la mabenka?

Kinachobaki ni mazoea ya kazi. Wa anthropolojia kwa kawaida anakaa muda mrefu, mwaka au zaidi, anajifunza lugha, anafanya uchunguzi shirikishi, yaani anaishi yale anayoyachunguza. Wa sosholojia mara nyingi utamkuta na hojaji, sampuli na takwimu. Nasema mara nyingi. Ukiweka "siku zote" watakuja kukusuta.

Ethnografia sasa. Hii ni kazi, pia ni kitabu kinachotoka kwenye kazi hiyo. Kwenda uwandani, kukaa, kuandika daftari, kurudi na maelezo ya watu wanavyoishi: hiyo ni ethnografia. Anayeifanya ni mwanaethnografia, awe wa anthropolojia, wa sosholojia, wa elimu au wa afya. Kwa hiyo mhariri alipolifuta alifuta kile Malinowski alichokuwa anakifanya siku ile kwenye hema, akabakiza cheo chake tu.

Mswahili Safi

Nimesoma yote. Samahani wakuu, lakini kwa nini tunajitesa? Mwana-a-nthro-po-lo-ji-a. Silabi nane au tisa, ulimi unafunga fundo. Tuna mila, tuna desturi, tuna jamii. Semeni "mtaalamu wa mila na desturi" kwa huyu wa kwanza na "mtaalamu wa elimujamii" kwa huyu wa pili. Bibi yangu ataelewa.

Mzee wa Ngeli

Mswahili Safi, usafi huo una mashaka. Mila na ada zimekuja na Kiarabu. Desturi asili yake Kiajemi. Jamii, jamaa, jumuiya na Ijumaa zote ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Utamaduni umebeba mzizi wa madina, mji. Ustaarabu sitaki hata kuufungua, utazame mwenyewe katikati yake utaona umebeba nani. Tukianza kufukuza wageni tutabaki mimi na wewe na vivumishi vichache.

Mswahili Safi

Sawa mzee, lakini hao wageni walishaoa hapa na kuzaa. Anthropolojia bado yuko mlangoni na sanduku lake. Hoja yangu si asili, ni kueleweka.

Mzee wa Ngeli

Hapo umenipata, nakubali.

Nusu Shahada

Umenipata na mimi kidogo, ila "mila na desturi" ina tatizo lake. Ni nyembamba mno. Marekani, kwa mfano, anthropolojia imezoeleka kuwa na matawi manne: ya utamaduni, ya lugha, ya maumbile ya binadamu, na akiolojia. Mwanaanthropolojia anaweza kuwa anafukua mifupa ya binadamu wa kale, anapima meno yake, na maishani mwake hajamuuliza mtu swali la mila. Uingereza wao wameegemea anthropolojia ya jamii.

Na hapa mleta uzi sikiliza, maana ni kazi yako: kabla hujatafsiri jina, angalia makala imetoka lugha gani. Majina haya yanabadilika yakivuka mpaka. Ufaransa kwa muda mrefu mtu wa aina ya Malinowski aliitwa wa ethnolojia. Claude Lévi-Strauss, mwanaanthropolojia wao maarufu, alizipanga kama ngazi: ethnografia ni kukusanya na kueleza kundi moja, ethnolojia ni kulinganisha, anthropolojia ni kutafuta yanayowahusu binadamu wote. Ujerumani neno Anthropologie, likisimama peke yake, kwa miaka mingi lilimaanisha mambo ya mwili na mifupa. Utamaduni walikuwa na majina mawili yanayokaribiana mpaka yanachanganya: Völkerkunde kwa watu wa mbali, Volkskunde kwa watu wa kwao wenyewe. Herufi chache tu zinakutenganisha "sisi" na "wao". Chama chao cha Völkerkunde kilibadilisha jina mwaka 2017 kikajiita cha anthropolojia ya jamii na utamaduni. Urusi nako ethnografia ilikuwa jina la fani nzima, si la njia ya utafiti. Ukikuta "ethnografu" kwenye maandishi ya Kirusi ya zamani ukaandika mwanaethnografia, hujakosea neno, lakini msomaji wako anaweza kukosea maana.

Ngoja Waje

Nusu Shahada, rudi chuo. Sitanii.

Dada wa Daftari

Nimepita kimya kimya kurasa zote, sasa naomba niseme maana hii ndiyo kazi yangu.

Nilikaa miezi 14 uwandani na familia za wavuvi. Hakuna aliyewahi kuniita mwanaanthropolojia. Wiki za kwanza nilikuwa "mtu wa kodi", na milango ilifungwa ipasavyo. Baadaye nikawa "yule wa maswali". Mwishoni nikawa "mwandishi", kwa sababu ya daftari. Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa nyavu, akiwa anasema jambo la maana ananyamaza, ananitazama mkono mpaka niandike, ndipo anaendelea. Siku moja akaniuliza: jina langu litakaa ukurasa wa ngapi? Nikamweleza mambo ya usiri, kwamba majina hatuyaweki ili tusiwaletee watu matatizo. Akasikiliza vizuri. Kwenye tasnifu yangu yeye ni "M7". Nusu ya sura ya tatu ni maneno yake, na yeye ni M7.

Msimamizi wangu alisisitiza tuwaite "watoa taarifa". Wengine wanasema wasailiwa, wengine watafitiwa. Hilo la mwisho silipendi, linasikika kama mtu amelazwa mezani. Kwa hiyo wakati mnajadili tumwite nani mwenye kalamu, mimi huwa nauliza na yule wa upande wa pili wa daftari anaitwaje.

Chukueni kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka Ujerumani mwaka 1903. Jaladani jina ni Carl Velten. Sehemu kubwa ya yaliyomo aliyaandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, kwa Kiswahili, pamoja na Waswahili wengine: kuzaliwa, jando, ndoa, uganga, safari, mazishi. Mtoro alikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Berlin. Velten alikusanya na kuhariri. Sasa niambieni, kwa majina yenu haya, Mtoro ni nani? Mtoa taarifa? Alikuwa anaeleza maisha ya watu kwa utaratibu, sura baada ya sura. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 angalau ilimtaja jaladani. Franz Boas, mwanaanthropolojia wa Marekani, naye alifanya kazi miongo mingi na George Hunt, mkazi wa pwani ya magharibi ya Kanada. Kurasa kwa maelfu ziliandikwa na mkono wa Hunt. Ukitafuta jina maarufu utamkuta Boas.

Halafu kuna wale waliovuka kutoka upande mmoja wa daftari hadi mwingine. Jomo Kenyatta alisoma London kwa Malinowski huyu huyu wa mleta uzi, akaandika kuhusu Wagikuyu, watu wake, kitabu kikatoka 1938 na utangulizi ukaandikwa na Malinowski. Huyo ni mwanajamii na mwanaanthropolojia kwa mpigo. Hapo ndipo "mwanajamii" ya mhariri ingekaa sawasawa, na wala hakuipeleka hapo.

Mswahili Safi

Dada, hiyo ya M7 imenikaa vibaya. Ulimpelekea nakala?

Dada wa Daftari

Nilipeleka. Nilikuta ameshafariki. Nakala anayo mwanawe, na kwenye nakala hiyo moja nimeandika jina kwa kalamu, kando ya kila M7. Mkono uliniuma.

Mzee wa Ngeli

Mungu amrehemu.

Kwa swali lako la Mtoro: kwa kanuni aliyotoa Nusu Shahada, kwamba mwanaethnografia ni anayeifanya kazi hiyo, basi Mtoro anaingia bila kubisha hodi. Kanuni haikusema lazima awe na shahada, wala lazima awe mgeni.

Nusu Shahada

Haikusema. Ila fani yenyewe imekuwa ikisema hivyo kwa matendo. Na kwa upande wa pili, Edward Tylor, aliyekuwa profesa wa kwanza wa anthropolojia pale Oxford mwaka 1896, kitabu chake kikubwa cha 1871 alikiandika kwa kutegemea zaidi ripoti za wasafiri na wamisionari. Yeye tunamwita mwanaanthropolojia bila kusitasita.

Kama mnataka kwenda nyuma zaidi, Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini, aliandika kitabu chake Mukadima mwaka 1377, akaeleza kwa nini tawala huinuka na kuanguka, mshikamano wa watu wa jangwani unavyolegea wakishahamia mjini. Alisema wazi kuwa anaanzisha elimu mpya, akaipa jina: elimu ya umran, yaani ya maisha ya watu kwa pamoja. Wapo wanaomwita mwanasosholojia wa kwanza. Mimi naona ni kumvika kanzu ya mtu mwingine wakati yake anayo.

Mswahili Safi

Haya, nimelegea. Lakini pendekezo langu la kueleweka libaki mezani. Neno kamili lije mara ya kwanza na maelezo yake, kisha muwe huru. "Malinowski, mwanaanthropolojia, yaani mtafiti anayekaa na watu ili aelewe maisha yao kwa ndani." Baada ya hapo andikeni "mtafiti huyu" mkitaka. Bibi hatakimbia. Anayekimbia ni yule aliyerushiwa neno kavu.

Mzee wa Ngeli

Hiyo nimeipenda. Ila tusitumie "mtafiti" mwanzo mpaka mwisho, maana hata wa mbolea ni mtafiti. Na "mtaalamu" nako tuwe na kiasi, mtu anaweza kuwa mtaalamu akiwa amekaa ofisini miaka 30.

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, dada wa Daftari kipekee.

Nimemwandikia mhariri, bila hasira. "Mtaalamu wa makabila" imeondoka, kakubali mara moja, tena kasema alidhani ananisaidia. "Mwanajamii" ilileta ubishi, nikamtumia ule mfano wa Durkheim na jirani yake, akacheka akaiachia. Mwanaethnografia limerudi, na maelezo mafupi kwa mtindo wa Mswahili Safi: "yaani mtu anayekaa na watu na kuandika maisha yao kama alivyoyaona". Aya ya Comte na hasira zake nimeiongeza.

Nimeomba pia nafasi ya makala ya pili, ya Mtoro. Kanijibu: sawa, lakini chini ya picha tumwite nani? Nikaandika "mwanaethnografia", nikafuta, nikaandika "mwalimu na mwandishi", nikafuta. Kwa sasa pako wazi.

Dada wa Daftari

Anza na jina lake kamili. Cheo kitafuata chenyewe.

Ngoja Waje

Na Kula je?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Kula imepata herufi kubwa na mlazo, na sentensi nzima ya kujitetea.

Ngoja Waje

Na mwali?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Nimeandika "bangili". Sitaki simu usiku.